Njia ya Mkono: Historia ya Bahasha ya Vekta

Mpiga ganuni agusapo uzi, sauti huzaliwa ghafla, ikang'ara, kisha ikaanza kufifia papo hapo. Mpiga nai hafanyi hivyo. Yeye huiita sauti kwa pumzi, ikaja taratibu, akaishika muda wote kifua kinapomruhusu, kisha akaiachia. Mpiga fidla naye, kwa upinde wake, aweza kuianza sauti kwa mnong'ono na kuikuza hadi ikajaza ukumbi. Ala tatu hizi zaweza kupiga noti moja, kwa kimo kimoja, na msikilizaji aliyekaa nje ya ukumbi, asiyemwona mpigaji hata mmoja, akazitambua bila ya kubahatisha. Anachokitambua si kimo cha sauti pekee, bali maisha yake: namna inavyozaliwa, inavyokaa na inavyoaga.

Kwa karne nyingi maisha hayo ya sauti yalikuwa mikononi mwa mpigaji na katika maumbile ya ala yenyewe. Hapana aliyelazimika kuyaandika. Ulipokuja umeme, zikapatikana sauti zisizo na uzi, wala pumzi, wala ngozi, ndipo lilipozuka swali gumu: sauti isiyozaliwa na kitu kinachoguswa itapewaje mwanzo na mwisho? Jibu la swali hilo lina historia ndefu, na sehemu yake moja, ambayo haijasimuliwa sana kwa Kiswahili, ni ile ya kile wahandisi wanachokiita bahasha ya vekta.

Mwaka 1948, katika idhaa ya redio ya Ufaransa mjini Paris, Pierre Schaeffer alirekodi mlio wa kengele huku akiukata mwanzo wake, yaani lile pigo la chuma kwa chuma. Kilichobaki hakikutambulika tena kuwa ni kengele. Jambo hili lilimshtua, kwani lilionyesha kuwa sikio hutegemea mno chembe chache za mwanzo wa sauti katika kuamua inachokisikia. Sauti iliyonyimwa kuzaliwa kwake ilikuwa imenyimwa pia jina lake.

Miaka kumi na sita baadaye, mwaka 1964, Robert Moog, fundi wa umeme wa jimbo la New York, alikuwa akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch kuunda ala mpya. Mtambo wao ulikuwa na sauti, lakini sauti ile ilikuwa mlio usiokoma, kama mbiu isiyo na mpulizaji. Deutsch alitaka sauti iweze kutamkwa kama neno linavyotamkwa. Wakaanza na kifaa cha kawaida kabisa: kitufe cha kengele ya mlangoni. Kilipobonyezwa, sauti ilipanda, kilipoachiwa, ikashuka. Mwaka 1965 mtunzi Vladimir Ussachevsky, aliyekuwa katika kituo cha muziki wa elektroniki cha Columbia na Princeton, alimtaka Moog aigawe safari hiyo katika sehemu nne: muda wa kupanda, muda wa kushuka kwa mwanzo, kiwango cha kutulia, na muda wa kuzima baada ya kibonye kuachiwa. Mgawo huo wa nne ndio ulioenea duniani kote, na hadi leo sinthesaiza nyingi zinao kwa namna moja au nyingine. Umbo linalochorwa na nyakati hizo huitwa bahasha.

Hata hivyo, bahasha ya Moog na Ussachevsky ilikuwa na upungufu wake. Iliweza kuongeza au kupunguza nguvu ya sauti, au kufungua na kufunga chujio lililoing'arisha au kuififiza, lakini kile kilichokuwa ndani ya bahasha hakikubadilika. Sauti za maumbile haziishi hivyo. Katika miaka ya 1960, kwenye maabara za Bell huko Marekani, Jean-Claude Risset aliichambua sauti ya tarumbeta kwa kompyuta, akagundua kuwa kadiri tarumbeta inavyopulizwa kwa nguvu, ndivyo milio yake ya juu inavyozidi kuchomoza. Kwa maneno mengine, rangi ya sauti nayo ina safari yake, tafauti na safari ya nguvu. Ala ya umeme iliyotaka kuwa hai ilihitaji bahasha ya rangi.

Hapo ndipo anapoingia Dave Smith. Mwaka 1974 aliasisi kampuni ndogo katika jimbo la California, akaiita Sequential Circuits. Mwaka 1978 kampuni hiyo ilitoa sinthesaiza ya Prophet-5, iliyoweza kupiga noti tano kwa pamoja na, zaidi ya hayo, kuzihifadhi sauti zake kumbukumbuni. Kabla yake, mpigaji aliyetengeneza sauti nzuri leo ilimbidi aandike karatasini mahali kilipo kila kitasa, ili kesho aweze kuirudisha. Baada ya Prophet-5, kibonye kimoja kilitosha. Mwaka 1983, yeye na wenzake wa Marekani na Japani walikubaliana juu ya lugha moja ya kuziunganisha ala za umeme, iitwayo MIDI, ambayo ingali ikitumika.

Neema ya kumbukumbu ilikuja na mtihani wake. Ala ikishaweza kukumbuka, mwenye kiwanda aweza kuijaza sauti zilizo tayari kabla haijatoka dukani. Mwaka 1983 pia, Yamaha ilitoa DX7, ala iliyouzwa kwa wingi mno na iliyokuwa ngumu kuitengenezea sauti. Wanunuzi wengi hawakujisumbua. Walizipiga sauti za kiwandani kama walivyozikuta. Kwa hivyo nyimbo za miaka ile, kutoka nchi zisizojuana, zikaanza kusikilizana kama zilizopigwa na mkono mmoja. Hilo ndilo lililokuwa hatarini wakati bahasha ya vekta inabuniwa: je, mpigaji atabaki kuwa mwenye sauti yake, au atakuwa mpangaji tu katika nyumba iliyojengwa na mwingine?

Chris Meyer, mhandisi kijana wa Sequential, ndiye aliyeliwaza wazo lenyewe. Wakati ule zilikuwapo ala za PPG, zilizobuniwa na Wolfgang Palm wa Ujerumani, zilizoweza kutoka wimbi moja la sauti kwenda jingine kwa kufuata mstari. Meyer alijiuliza kwa nini safari hiyo iwe ya mstari mmoja tu, mbele na nyuma. Aliweka mawimbi manne ya sauti katika pembe nne za umbo la almasi: A kushoto, B juu, C kulia na D chini. Katikati aliweka kijiti kinachosukumwa kwa vidole. Kijiti kikiwa katikati kabisa, sauti zote nne husikika kwa usawa. Kikisukumwa kuelekea A, sauti ya A hukua na ya C hupungua. Kikipelekwa baina ya B na C, hizo mbili hutawala na zilizobaki hurudi nyuma. Mfano wake ni nahodha aliye katikati ya visiwa vinne: kila anakogeuza usukani, kisiwa kimoja hukaribia na kingine huzama katika upeo wa macho, lakini vyote vingali vipo.

Wazo hilo likawa ala mwaka 1986, kwa jina la Prophet VS. Ndani yake mlikuwa na mawimbi 128 ya kuchaguliwa, na 32 kati ya hayo ziliachwa ziwe nafasi za mtumiaji kuweka ya kwake. Mawimbi yalikuwa ya kidijitali, makali na yenye mikwaruzo ya kioo, lakini yalipitishwa katika chujio la umeme la kizamani lililoyalainisha. Kijiti kilikuwa mkono wa kushoto, karibu na vibonye, mahali ambapo mpigaji hawezi kukisahau.

Lakini mkono ni mmoja na noti ni nyingi. Mpigaji hawezi kusukuma kijiti kwa namna ileile kila apigapo noti, wala hawezi kuipa kila noti ya wimbo safari yake huku akipiga kwa mikono miwili. Kwa sababu hiyo njia ya kijiti ilifanywa iandikike. Hii ndiyo bahasha ya vekta. Ina nukta tano, kuanzia sifuri hadi nne. Kila nukta ni mahali fulani ndani ya almasi, na baina ya nukta na nukta umewekwa muda wa kusafiri. Kibonye kinapobonyezwa, sauti huanzia nukta ya sifuri, hupita ya kwanza na ya pili, hufika ya tatu na kutulia hapo. Kibonye kinapoachiwa, huelekea nukta ya nne, nako ndiko inakomalizia uhai wake. Mtengenezaji aweza pia kuamuru kwamba sauti isitulie, bali irejee nyuma na kuzunguka nukta zilezile tena na tena maadamu kidole kimekaa.

Msomaji aliyezoea ushairi hatakuwa mgeni katika mpango huu. Shairi la tarbia lina mishororo minne na mizani kumi na sita kwa kila mshororo, na hapana mshairi aliyelalamika kuwa hesabu hiyo imemnyima la kusema. Nukta tano ni chache, na uchache wao ndio unaomlazimisha mtengenezaji aamue: sauti izaliwe wapi, igeuke wapi, ikae wapi, iishie wapi. Mzunguko unaorudia nukta zilezile una kazi inayofanana na ya kibwagizo. Nukta ya mwisho ni kituo, na kama katika shairi, kituo kibaya huharibu yote yaliyotangulia. Kuhariri bahasha hiyo nako kunafanana na kusahihisha ubeti. Fundi huchukua nukta moja, huisogeza kidogo kuelekea pembe ya B, husikiliza. Huongeza muda wa mwendo wa pili, husikiliza tena. Mara nyingi kosa halimo katika nukta anayoishughulikia bali katika ile iliyotangulia, kwani sauti ilifika pale ikiwa imechelewa au imewahi mno.

Prophet VS haikupata maisha marefu sokoni. Sequential ilikuwa imeelemewa na ushindani wa viwanda vikubwa vya Japani, na mwaka 1987 ikafunga milango yake. Yamaha ilinunua jina na mali, pamoja na kuwachukua Smith na baadhi ya mafundi wake. Ingekuwa rahisi kwa wazo la vekta kufa hapo, kama yalivyokufa mawazo mengi ya viwanda vilivyofilisika. Halikufa, kwa kuwa lilikuwa limekaa katika vichwa vya watu, si katika ghala. Mwaka 1989 Smith na kundi lake walihamia Korg, na mwaka 1990 wakatoa Wavestation. Mwaka huohuo Yamaha nayo ikatoa SY22, yenye kijiti cha aina ileile.

Ndugu wawili hawa walirithi mali moja lakini wakaitumia kwa njia mbili. SY22 iliweza kurekodi mwendo wa kijiti: mpigaji akisukuma, ala ikikumbuka hatua kwa hatua, na baadaye ikirudia alichokifanya. Wavestation ilishika njia ya Prophet VS, ya nukta zinazoandikwa na kupimiwa muda. Katika njia ya kwanza mkono hutangulia na maandishi hufuata. Katika ya pili, maandishi hutangulia na mkono huigwa. Ni tafauti ya mtunzi anayeghani papo kwa papo, wenziwe wakiyaandika maneno yake, na mtunzi akaaye na kalamu. Wavestation iliongeza jambo jingine kubwa: kila pembe ya almasi iliweza kubeba, si wimbi moja, bali msururu wa mawimbi yanayofuatana, na kila moja likiwa na muda wake. Kibonye kimoja kikibonyezwa, kilichosikika kilikuwa karibu na ngoma nzima. Sauti iitwayo Ski Jam, iliyotiwa na kiwanda katika ala ile, ilijulikana na kila aliyepata kuingia katika duka la ala za muziki miaka ile.

Wapo mamilioni ya watu waliomsikia Wavestation bila ya kujua jina lake. Mnamo 1991 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta ya Quadra 700, na mlio uliosikika kompyuta ilipowashwa ulikuwa mkusanyiko wa noti uliotengenezwa na Jim Reekes, mfanyakazi wa kampuni hiyo, nyumbani kwake, kwa kutumia Wavestation. Kompyuta za baadaye zilibadilisha mlio huo kwa namna mbalimbali, lakini sura yake ya msingi iliendelea kurudi kwa miaka mingi.

Pamoja na umaarufu huo, kuihariri Wavestation ilikuwa kazi ya wenye subira. Skrini yake ilikuwa kubwa kwa vipimo vya wakati ule, lakini mambo ya kuonyesha yalikuwa mengi zaidi. Fundi alipita kurasa baada ya kurasa kwa vibonye, akitazama jambo moja huku akilikumbuka jingine alilokwisha kuliacha ukurasa wa nyuma. Wengi walichoka, wakarudi kwenye sauti za kiwandani. Ala iliyobuniwa ili impe mpigaji uhuru wa rangi ikawa nayo, kwa wanunuzi wengi, sanduku la sauti za watu wengine.

Mabadiliko yalikuja kwa programu. Dave Smith mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotangulia: mwaka 1997 kampuni ya Seer Systems, aliyokuwa akiiongoza, ilitoa Reality, sinthesaiza isiyokuwa na kiwiliwili, inayokaa ndani ya kompyuta ya kawaida. Na mwaka 2004 Korg ilitoa mkusanyo wa ala zake za zamani kwa sura ya programu, na Wavestation ilikuwamo. Kilichokuwa kimefichwa kurasani kikatandazwa mbele ya macho. Almasi ikaonekana na pembe zake nne, nukta zikaonekana, na mistari ya safari baina yao. Fundi aliweza kuikamata nukta kwa kipanya na kuiburura, sikio na jicho vikifanya kazi pamoja. Waliokuwa wameshindwa na ala ya chuma miaka kumi na minne nyuma walianza sasa kuelewa ilichokuwa ikikifanya.

Hata hivyo, faida hiyo ilikuwa na gharama. Kijiti cha Prophet VS kilikuwa kitu cha kushikwa. Mkono ulikijua hata gizani, jukwaani, taa zikiwa zimezimwa. Katika programu kijiti ni picha, na kipanya hakina uzito wa kitu kinachosukumwa. Aidha, anayechora njia kwa jicho hupenda maumbo yanayopendeza machoni: nyota, mraba, duara. Sikio halipendi lazima kile jicho linachokipenda. Njia iliyopinda vibaya kwenye skrini, iliyotokana na mkono uliotetemeka, yaweza kuwa ndiyo iliyobeba uhai.

Hapo ndipo historia hii ya mbali inapogusa ukumbi wa taarabu. Tangu vinanda vya umeme vilipoanza kuchukua nafasi ya akodiani na fidla katika vikundi vya taarabu ya kisasa, wazee wamekuwa wakilalamika kuwa fidla ya kinanda si fidla. Vijana wamekuwa wakiwajibu kuwa hayo ni mapenzi ya ukale. Historia ya bahasha yaonyesha kuwa wazee wana hoja inayoweza kupimwa. Mpiga fidla hazalishi sauti mbili zilizo sawa. Upinde wake huipa kila noti kuzaliwa kwake, kulingana na neno ambalo mwimbaji amelitamka. Kinanda kilichoachwa kama kilivyotoka kiwandani huipa kila noti maisha yaleyale. Lakini historia hiyohiyo yaonyesha pia kuwa kosa si la umeme. Njia ya kuipa kila sauti safari yake imekuwapo tangu 1986. Kilichokosekana mara nyingi ni mtu wa kukaa nayo usiku mmoja akasogeza nukta na kusikiliza.

Liko fundisho jingine kuhusu kuhifadhi. Programu ya Reality iliandikwa kwa ajili ya Windows za miaka ya 1990, na kompyuta za leo haziijui tena. Prophet VS, iliyo kongwe kuliko hiyo kwa miaka kumi na moja, ingali ikipigwa pale ilipopata fundi wa kuitunza. Wavestation imenusurika kwa njia nyingine, ile iliyozinusuru tenzi za kale za pwani: imenakiliwa. Kutoka chuma ikaingia katika programu, kutoka programu ya mwaka 2004 ikaandikwa upya kwa kompyuta zilizofuata, na mwaka 2020 Korg ikatoa ala mpya ya kushikika, Wavestate, iliyolirudisha wazo la misururu ya mawimbi pamoja na kijiti chake mkono wa kushoto. Kila mnakili huongeza kidogo na kupoteza kidogo, kama walivyofanya waandishi wa hati za tenzi, lakini kisichonakiliwa hupotea chote.

Dave Smith aliishi kuyaona mengi ya hayo. Mwaka 2015 Yamaha ilimrejeshea jina la Sequential, miaka ishirini na minane baada ya kulipoteza, na kampuni yake ikalichukua tena mwaka 2018. Alifariki dunia tarehe 31 Mei 2022, akiwa na umri wa miaka 72. Chris Meyer, aliyelitoa wazo la almasi na pembe zake nne, hatajwi sana nje ya mafundi wenzake. Na anayekaa leo mbele ya kompyuta, akiikamata nukta ya tatu na kuivuta taratibu kuelekea pembe ya D hadi sauti ikakubali kutulia, anaifuata njia waliyoichora watu hawa, ajue au asijue.